Safu ya Saba ya Kunde

Mama mkwe wangu Aguti hakuwahi kumwambia mtu yeyote ana watoto wangapi. Ukimwuliza, alijibu, "Wapo," kisha akakugeuzia maswali yake: kwenu wazima? Mvua imefika? Ng'ombe zake hivyo hivyo. Bwana mifugo alipokuja kijijini kwetu Merikit, upande wa Uganda, kuandika ng'ombe wa sindano, Aguti alimpa kiti, akampa maziwa, akampa kila kitu isipokuwa hesabu.

"Wewe angalia na macho yako," alimwambia. "Kama macho inatosha, andika."

Kwake yeye, kitu chenye uhai hakihesabiwi. Ukikihesabu umekionyesha kwa kisichokipenda, na kesho kitapungua. Mimi nilikuja pale kutoka ng'ambo, Busia ya upande wa Kenya, kwa mama muuza samaki aliyehesabu hata njiti za kiberiti. Nilimwona Aguti mshirikina, na nilisema hivyo, maana mdomo wangu haujapata mtu wa kuufunga. Leo namwandika kwa shukrani, na atakayenicheka na acheke.

Mume wangu Ekaju, mwanawe, alikuwa karani wa mabehewa katika stesheni ya Tororo. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya treni na kalamu sikioni, akiandika namba za mabehewa ya saruji na pamba. Mama yake aliikubali kazi hiyo kwa sababu behewa halina roho. Kiteso mama huitwa toto, na siku za mwanzo za ndoa yetu nilicheka sana kumsikia mwanamume mwenye ndevu akimwita "Toto" mwanamke mwenye mvi. Baadaye nikazoea, na baadaye zaidi nikaanza kumwita hivyo mwenyewe.

Mwaka wa 1966 Ekaju alianza kuanguka. Mara ya kwanza ilikuwa kando ya reli, mara ya pili kanisani wakati wa sadaka, na waumini wakadhani ni Roho. Mara ya tatu aliangukia mikononi mwangu, uso umemgeuka rangi ya majivu, nikaweka sikio kifuani nikangoja pigo mpaka nikataka kupiga kelele. Hospitali ya Tororo ikampeleka Nairobi. Huko wakakuta moyo wake unapiga mara thelathini tu kwa dakika.

"Kumbe nina moyo wa kobe," Ekaju alisema. Sikucheka.

Mwezi wa sita walimpasua, wakamwekea mashine. Ilikuwa na ukubwa wa kopo la rangi ya viatu, imeshonewa chini ya ngozi ya tumbo, upande wa kushoto, na nyaya mbili zikapanda mpaka moyoni. Ndani yake mlikuwa na mawe, kama sisi tunavyoziita betri za redio na tochi, ila haya yalikuwa madogo na yalifungiwa humo humo. Mashine ilipiga mara sabini kwa dakika, alale au atembee, awe na furaha au nimemuudhi. Nililia nilipomwona ameketi kitandani midomo ina rangi ya mtu.

Nilimwuliza daktari mawe hayo yatadumu muda gani.

"Pengine mwaka mmoja na nusu," alisema. "Pengine miwili. Hakuna anayejua."

"Haina dirisha? Haina mshale?"

"Haina. Lakini mashine ikichoka hupunguza mwendo kwanza. Kila asubuhi, kabla hajainuka kitandani, hesabu mapigo ya mkono dakika nzima. Sabini, au moja juu, moja chini, shukuruni Mungu mle uji. Yakishuka mpaka sitini na tano, msingoje Jumapili, msingoje mwisho wa mwezi. Mpandishe treni."

Basi uhai wa mume wangu ukawa umekaa baina ya namba mbili, na kazi yangu ikawa kuilinda ya juu.

Merikit nzima walikuwa na dawa ya mawe yaliyochoka: unayaanika juu ya bati, yanapata nguvu kidogo, unasikiliza taarifa ya habari. Jirani yetu mzee Okanya alimshauri Ekaju aketi juani, shati wazi, tumbo likitazama mashariki. Na Ekaju, mtu aliyesoma, alikwenda akaketi. Siku mbili. Siku ya tatu nilimtupia shati lake nikamwambia nimeolewa na mtu, sikuolewa na tochi.

Lakini taabu ya kweli ilikuwa Aguti. Asubuhi ya kwanza alinikuta nimeshika mkono wa Ekaju, midomo inacheza.

"Nanjala, unafanya nini na mkono ya mtoto yangu?"

"Nahesabu mapigo, Mama. Daktari amesema."

"Hapana. Mtu hapana hesabiwa."

"Nisipohesabu atakufa."

"Ukihesabu ndio anakufa!"

Alikaa mlangoni, akakataa kuondoka, na kila nilipofika ishirini alikohoa kwa nguvu ili nipoteze hesabu. Siku mbili tulipigana vita hivyo. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasema. Siku ya tatu Ekaju aliinuka kwenye mto, na ukarani wake ukatufaa.

"Toto, mabehewa unaniruhusu kuhesabu?"

"Behewa ni chuma."

"Na kunde? Zilizokauka, za kupika?"

Aguti alifikiri. Kunde zilizovunwa ni chakula. Chakula kinapimwa, kinagawanywa. "Kunde, sawa," alisema.

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi Ekaju alishika saa yake ya kazini kwa mkono wa kulia, akasema, "Haya." Mimi nilishika mkono wake wa kushoto, na kila pigo niliinamisha kichwa. Kila nilipoinamisha, Aguti alidondosha kunde moja kwenye bakuli la bati. Dakika ikiisha Ekaju alisema, "Basi." Nilichukua bakuli mpaka jikoni, mbali na mwenye moyo, nikapanga kunde kwenye ungo kwa safu za kumi kumi. Safu saba zikijaa, Aguti aliyeniangalia mlangoni alisema, "Eyalama," ndiyo asante ya Kiteso, na hakusema ni kwa nani. Siku nyingine ilizidi moja, siku nyingine ilipungua moja. Kisha kunde zilirudi kwenye kibuyu chake zingoje kesho.

Sijui kama kuna nyumba nyingine iliyoanza siku hivyo. Mimi nilianza kuipenda ile sauti ya kunde ikigonga bati. Tulipata mtoto wa tatu mwaka ule wa 1967, na mavuno yakawa mazuri, na Ekaju akarudi kazini. Kila safu saba zilipojaa nilijisikia nimepewa mume upya. Sikuwa na tabia ya kushukuru kabla ya hapo, na kunde ndizo zilizonifundisha.

Mwezi wa tisa mwaka huo tulikwenda Busia kuwasalimu wazazi wangu, tukapitia kwa Badiru, fundi wa saa na redio aliyekuwa na kibanda upande wa Uganda. Badiru alikuwa amefungua redio moja mezani. Ekaju alipoegemea meza, redio ikaanza kulia tik, tik, tik. Badiru akaizima, akabadilisha waya, akaiwasha. Tik, tik. Akaapa kwamba aliyeiuza redio ile ni mwizi. Ekaju alipokwenda nje kutema mate, redio ikanyamaza, na aliporudi ikaanza tena. Badiru akamtazama, akatutazama.

"Bwana yako amemeza nini, Mama?"

Tulipomweleza, karibu apige magoti. Aliweka mshale wa redio katikati ya stesheni mbili, pale panapovuma upepo mtupu, akaikaribisha redio kwenye tumbo la Ekaju kama anayemnyonyesha mtoto, akashika saa. Alihesabu sabini. Akaandika 70 kwa chaki kwenye ubao wa ukuta, na tarehe.

"Hii mashine anaongea vizuri," alisema. "Kila ukipita Busia, leta yeye nisikilize."

Ulipofika mwezi wa pili wa 1968, mashine ilikuwa na miezi ishirini. Asubuhi moja nilipanga kunde, na safu ya saba ikabaki na pengo la kunde mbili. Sitini na nane. Nikapapasa sakafuni kutafuta zilizoanguka. Aguti aliniona. Uji ukafurika motoni, nikaukimbilia, nikaondoa sufuria, nikarudi kwenye ungo. Safu ya saba ilikuwa imejaa.

"Ulikosea kupanga," Aguti alisema. "Moja ilikuwa hapa, ingine hapa."

Nikacheka kwa kujihurumia. Kesho yake akasema mgongo wangu umechoka na mtoto, atapanga yeye, mimi niangalie tu. Hakujua kuhesabu, lakini safu moja ilikuwa kunde moja kwa kila kidole cha mikono yake miwili, na safu saba alizijua kwa macho. Nilifurahi. Niliona mama amelainika, amekubali mambo ya hospitali. Nikawaambia hata watu kanisani.

Tangu siku ile ungo ulikuwa na safu saba kamili, si moja juu wala moja chini, kila siku iliyoamka. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi niliyaona mawingu nikasema ni moshi. Ekaju alianza kupumzika njiani kutoka stesheni. Viatu vikambana jioni. Akasema kichwa kinamzunguka akiinuka. Nami nilimwonyesha ungo: si hizi hapa, saba? Acha uvivu. Neno hilo nililisema kwa mdomo huu huu, na bado linanichoma.

Mwezi wa tatu baba yangu aliugua, tukaenda Busia. Badiru alikuwa anatungoja na redio yake. Aliiweka tumboni, akashika saa, akatikisa kichwa, akaanza upya. Akavua saa ile, akachukua nyingine ukutani. Akachukua ya tatu.

"Sitini na tatu," alisema.

"Redio yako mbovu," nikamwambia.

"Redio inaweza kuwa mbovu, Mama. Saa tatu hapana kuwa mbovu pamoja."

"Sisi tunahesabu kila siku. Jana sabini. Juzi sabini. Mwezi mzima sabini, sabini, sabini!"

Badiru aliweka redio chini taratibu. "Mimi natengeneza saa miaka kumi na tano," alisema. "Saa ambayo haikosei hata kidogo, mimi namwuliza mwenyewe: nani anakuja kurekebisha hii?"

Nilishika mkono wa Ekaju pale pale kibandani, bila kunde. Kwa mara ya kwanza tangu siku zile za kugombana nilimhesabu mtu hai kwa sauti. Sitini na tatu. Ekaju alinitazama, wala hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyejua mwili wake kabla yetu.

Tulirudi Merikit mchana huo huo kuchukua barua ya daktari na nguo. Aguti alikuwa uani anapepeta kunde. Sikumsalimia.

"Ulikuwa unaongeza," nilisema.

Hakukana. Aliingiza mkono mfukoni mwa gauni akatoa kunde, kiganja kizima, akanionyesha. "Ndiyo."

"Ulitaka kumuua mwanao!"

"Mimi nilikuwa namwongezea." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona inapungua. Wewe uliogopa. Nikaweka mbili. Siku ingine tatu. Siku ingine nikaweka nyingi, nikaomba Edeke, Mungu yetu, aone ungo imejaa, asikumbuke kupunguza. Mama ataona safu ya mtoto yake iko na shimo, aache hivyo?"

Nilikuwa na maneno mengi makali yamejipanga mdomoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hilo lilikuwa la kwanza kwenye foleni. Lakini nilitazama kile kiganja. Kunde zilikuwa zimepauka kwa jasho, kwa kushikwa siku nyingi. Alitembea nazo kutwa. Badiru mezani kwake na saa anahesabu uhai, na huyu alidhani anaumwaga kwenye ungo kidogo kidogo kutoka mfukoni mwake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikamkunja vidole juu ya kunde zake.

Ekaju ndiye aliyekwenda akamshika mabega. "Toto, nakwenda na narudi. Angalia watoto."

Tulipanda treni ya Nairobi siku hiyo. Njia nzima nilishika mkono wake. Daktari alipompima alituuliza kwa nini tumechelewa, nami nikasema tulikosea hesabu, na sikumtaja mtu. Alisema mawe yalikuwa yamebakiza siku, pengine wiki moja. Wakamtoa mashine ya zamani, wakamwekea mpya mahali pale pale, nami nikakaa kwenye benchi la nje nikamshukuru Mungu, nikamshukuru Badiru na redio yake, na nilipomaliza orodha nikajikuta namshukuru Aguti pia. Kama asingekubali kunde siku ile ya kwanza, tusingehesabu hata asubuhi moja. Angeweza kukohoa mlangoni miaka yote, na mimi ningechoka.

Tuliporudi baada ya majuma matatu, alikuwa amekaa mlangoni. Watoto walikuwa safi, wamenenepa. Alimgusa Ekaju uso, akamgusa tumbo mahali pa mshono, kisha akanijia mimi jikoni. Ungo aliuweka chini kati yetu.

"Nanjala, mimi niliharibu."

"Yamekwisha, Toto."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Basi fundisha mimi kuhesabu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mwanamke aliyemficha bwana mifugo idadi ya ndama alikuwa ananiomba nimfundishe kuhesabu mwanawe. Nikamwuliza kama haogopi.

"Naogopa sana," alisema. "Lakini ile siri yangu ilikuwa mbaya kuliko kuhesabu."

Ilimchukua msimu mzima wa kupalilia. Tulihesabu majembe, tukahesabu mihogo, tukahesabu nguzo za zizi. Arobaini ilimpiga chenga sana. Kila akifika thelathini na tisa alirukia hamsini, na wajukuu wakamcheka, naye akawatupia maganda. Siku aliyofika sabini bila kukosea alikwenda kwa mzee Okanya kumwonyesha, akamhesabia kuku wake wote bila kuombwa, na mzee yule hakutusemesha wiki nzima.

Tangu hapo aliushika mkono wa Ekaju yeye mwenyewe, na vidole vyake vilivyozoea kukama vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Kunde hakuziacha. Alihesabu kwa midomo, mimi nikadondosha, kisha akapanga safu zake kwenye ungo aone kama mdomo na ungo vinakubaliana. Alikuwa mkali. Ikizidi moja, "Rudia." Ikipungua moja, "Rudia." Ekaju alisema bosi wa stesheni ana huruma kuliko huyu. Tukapita Busia mara kwa mara, Badiru akaandika namba ukutani, na Aguti akatuuliza tukirudi, "Redio imesema nini?" Redio ilisema alivyosema yeye.

Ikawa miezi ishirini na moja. Mwezi wa kumi na mbili wa 1969, siku kumi kabla ya Krismasi, mahindi yamevunwa, Ekaju mwenyewe akisema anajisikia vizuri na anataka tungoje sikukuu ipite. Asubuhi hiyo Aguti alihesabu, akaachia mkono, akaushika tena, akahesabu upya, nami nikamwaga bakuli nikadondosha upya. Alichukua bakuli akaenda nalo jikoni, nami nikamfuata.

Alipanga kunde moja kwa kila kidole. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Safu ya saba ikafika nusu, na bakuli likawa tupu. Kibuyu cha kunde kilikuwa pale kando ya goti lake, kimejaa, wazi. Mkono wake ukaelekea kibuyu, ukaishia hewani. Kisha akauweka mkono huo mapajani, akaukalisha na mwingine.

"Sitini na tano," alisema kwa sauti, mpaka mwanawe akasikia chumbani. "Nanjala, funga nguo zake. Treni ni leo."

Nilifunga nguo. Nilipopita jikoni kuchukua barua ya daktari, ungo ulikuwa bado chini, na safu ya saba ina pengo la kunde tano. Hakuligusa.